Vizibo vya Machozi

Mume wangu Isaya alipofariki sikutoa chozi hata moja, na Ndandalo nzima inajua, kwa hiyo sina haja ya kulizungukazunguka jambo hilo. Waliokuwepo msibani waliona wenyewe. Wasiokuwepo walisimuliwa na wifi yangu Tupokigwe, na Tupokigwe akisimulia jambo, halipungui njiani.

Macho yangu yalikuwa makavu tangu zamani. Nikiamka asubuhi nilihisi kama kuna mchanga chini ya kope, na mchana ulipofika mchanga ukawa pilipili. Mwanzoni nililaumu vumbi la mpunga, baadaye moshi wa jikoni, mwisho nikalaumu umri, maana umri haujibishani na mtu. Nilikuwa nanawa maji baridi naendelea na kazi. Sikujua kwamba kuna siku ukavu huo utanipeleka mbele ya baraza la ukoo.

Kwetu msiba una kazi zake, na kazi ya mjane ni kulia pamoja na kila anayekuja. Wanawake hukusanyika kule njiani, wanaanza kilio wakiwa bado mbali, wanaingia uani mikono iko kichwani, na mjane anainuka kwenye mkeka kuwapokea. Wanamkumbatia mmoja mmoja, shavu kwa shavu, wanalia naye mpaka kundi litulie. Akikaa, kundi jingine linasikika njiani, anainuka tena.

Nililia, na hilo nataka lieleweke. Nililia kwa sauti mpaka koo likaota vidonda, jirani yangu Prisca akawa ananishika kiuno nisianguke. Lakini mashavu yangu yalikuwa makavu. Mwanamke akiniachia, unyevu uliokuwa usoni kwake ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Tupokigwe ni dada mkubwa wa Isaya, na ndiye anayeongoza kilio katika ukoo wao. Ana kipaji, siwezi kumnyima haki yake. Anaweza kumlilia marehemu, akataja na mababu zake, na hapohapo akakuelekeza wapi sufuria kubwa imewekwa. Siku ya kuzika alinikumbatia, kisha akanipapasa shavu kwa kiganja chake, akakigeuza kuelekea kwa wanawake waliokaa ukutani.

"Pakavu," alisema. "Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Sisi tumeshaingia, jamani, mfiwa mwenyewe hajaanza."

"Wifi, macho yangu yanaumwa," nilimwambia.

"Sote yanatuuma, wifi. Ndiyo kulia kwenyewe."

Hata Prisca aliangalia chini.

Isaya alikuwa amelala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa wa kiharusi. Nilimgeuza ili mgongo usichubuke, nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko nikimfuta kidevu, na alipokasirika kwa sababu mdomo haukumtii nilikaa pembeni nikamngoja hasira imwishe. Tupokigwe naye alikuja kumwona. Alilia mlangoni, akalia kitandani, akalia wakati wa kuaga, na shuka hakufua hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini msibani hakuna anayeuliza nani alikilalia.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Mdogo wake Isaya, shemeji yangu Ezekiel, ndiye aliyezungumza, tena kwa upole, na upole wake unaudhi kuliko matusi. Alisema wao hawamshutumu mtu. Alisema tu kwamba mwanamke asiyemlilia mume ana jambo, na kwamba mtu hawezi kulala na kiharusi muda wote ule akafa ghafla usiku mmoja pasipo jambo. Nikaelewa kwamba nimekwisha kuitwa muuaji na hata kikombe cha chai sijamaliza.

Mzee Gwamaka, baba yao mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akakata shauri. Kaburi litajengewa kiangazi, ukoo ukikusanyika. Siku hiyo mjane atamlilia mumewe kaburini mbele ya watu. Akitoa machozi, neno hili limekwisha na hakuna wa kulitaja tena. Asipotoa, atarudi kwao Katumba Songwe, na nyumba na shamba la kokoa vitabaki kwa ukoo.

Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimekaa palepale, wakinizungumzia kama mbuzi anayetafutiwa pa kufungwa.

Katumba Songwe nina nini? Wazazi wangu walishazikwa, kaka yangu naye alishazikwa, na kwenye nyumba yao wamo vijana ambao wakiniona njiani wananisalimia kwa heshima na kupita. Maisha yangu yako hapa. Matofali ya nyumba hii tuliyafyatua mimi na Isaya, tukayachoma wenyewe, yeye akipanga tanuri na mimi nikimbebea. Kila mkokoa ulioko nyuma ya nyumba nilimshikia mche yeye akafukia, au yeye akanishikia mimi.

Binti yangu Nancy, anayeishi Mbeya, alitaka twende mahakamani.

"Mama, sheria iko upande wako. Ndoa ya kanisani, nyumba mmejenga wote. Hawawezi kukugusa."

"Najua. Mahakama itanipa nyumba. Na maneno kwamba nilimuua baba yako, hakimu atayafuta?"

Tulikubaliana asubiri, ingawa alikubali kwa kununa, na kununa amerithi kwangu.

Mavuno ya kokoa yalipofika macho yalinishinda kabisa. Nilikuwa naanika punje kwenye kichanja na sikuweza kutofautisha iliyokauka vizuri na iliyoota ukungu, mpaka niinuse. Jua likiwaka nilifunga kitambaa usoni nikafanya kazi kwa kupapasa. Nancy alikuja akanikuta hivyo, hakubishana na mimi. Alinifungia nguo kwenye mfuko, tukapanda gari kwenda Mbeya kwenye kliniki ya macho.

Daktari alikuwa mwanamke, Jubilate jina lake, mtu wa sauti ndogo na mikono isiyotetemeka. Alinichomeka kikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, akaniambia nifumbe macho nitulie. Alipokichomoa alikiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimelowa ukingoni tu.

"Mama, tangu lini hujatoa machozi?"

"Mimi unaniulizia nini? Waulize mawifi zangu, ndio wanaoyahesabu."

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaniuliza, nikamsimulia yote, msiba, kiganja, baraza na kaburi. Aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo mama ulikuwa mgonjwa. Siyo kwamba hukulia."

Tangu Isaya afe hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Uso ulinikunjamana kama wa mtoto, na machozi hayakuja. Daktari aliona. Alinishika bega akaniacha nimalize.

Kisha akanieleza. Machozi yanatengenezwa juu ya jicho, yanashuka yakililowesha, halafu yanatokea kwenye kitundu kidogo sana kilichoko kwenye ukingo wa kope, karibu na pua, yanaingia puani. Mimi machozi yangu ni machache, na hata hayo machache yanaondoka kabla jicho halijashiba. Dawa ya matone ataniandikia, lakini anataka pia kuziba vile vitundu ili kidogo kilichopo kibaki.

"Utaziba kwa nini?"

"Kwa vizibo. Vidogo sana, laini. Watu wengine wanaogopa kusikia hivyo, ngoja nikueleweshe taratibu."

"Daktari, mimi nalima mpunga. Maji yakiwa machache kwenye jaruba unaziba tundu la tuta. Wewe ziba."

Alinitilia dawa ya ganzi. Akanionyesha kizibo chenyewe kwenye ncha ya kikoleo, kidogo kuliko chenga ya mchele, nikajiuliza kitu cha namna ile kitazuia nini. Nilihisi kusukumwa kidogo kwenye kona ya jicho, basi. Akafanya na upande wa pili. Aliniambia nisisugue kona za macho maana vitatoka, na kwamba nikiwa kwenye upepo macho yatajaa mpaka yafurike mashavuni. Nifute polepole, nisihangaike, siyo ugonjwa.

"Ndaga fijo, mwanangu," nilimshukuru, na hakuwa Mnyakyusa lakini alielewa.

Jioni ile kwa Nancy nilikaa dirishani nikiangalia watu barabarani, na sikusikia mchanga. Nilipepesa, nikapepesa tena. Macho yalikuwa yanateleza. Sikuwa nimekumbuka kwamba ndivyo macho ya watu yalivyo, kwamba mtu anaweza kuangalia tu bila kulipia. Nilifurahi sana, nakwambia kweli, nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Niliporudi Ndandalo habari ilikuwa imeshatangulia. Tusekile amekwenda Mbeya kununua machozi. Hivyo ndivyo walivyosema, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hawakusema kwa ubaya. Walifurahi. Prisca aliniletea mkungu wa ndizi.

"Sasa utalia, Mama Nancy, yaishe. Tulikuwa tunakuonea huruma."

"Huruma yenyewe mlikuwa mmeificha wapi?"

Alicheka akidhani natania.

Ezekiel naye alikuja, akavua kofia mlangoni, akanisalimia. "Shemeji, ugonile. Nimesikia umetibiwa, tunamshukuru Mungu. Hata sisi hatukupenda mambo yafike huku."

"Nimetibiwa nione kokoa yangu, shemeji."

"Ndiyo, ndiyo. Na kokoa pia."

Nancy mwenyewe, mtoto wangu wa kumzaa, alinipigia simu akasema, "Mama, siku hiyo toa machozi kidogo tu tumalizane nao. Ni machozi tu."

"Kama ni machozi tu, mbona wameyawekea nyumba rehani?"

Nilikata simu kwa hasira. Lakini nisijifanye jiwe. Nililifikiria. Nilikuwa napita chumba hadi chumba nikigusa kuta, nikijiambia, Tusekile, jambo lenyewe ni dogo, simama pale, mkumbuke marehemu, yatoke, urudi kwako ulale. Siku nyingine niliamua nitafanya hivyo. Kesho yake nikikumbuka kile kiganja, moyo unagoma.

Siku ikafika nikiwa sijaamua. Kaburi lilikuwa limeshawekwa saruji na msalaba, jina la Isaya limechorwa vizuri. Kwaya iliimba. Chini ya migomba wanawake walikuwa wamepanga mafiga, wali na samaki mbasa wa mchuzi vikiiva, na harufu ilikuwa inawasumbua watoto. Mzee Gwamaka alikalishwa kwenye kiti upande wa kichwani kwa kaburi. Ezekiel alisimama nyuma yake. Tupokigwe alikuwa amevaa kitenge cheusi kipya.

"Mama Nancy, sogea," alisema mzee.

Nilisogea. Nancy alikuja pembeni yangu. Hata wapishi walikuja wameshika miiko. Niliangalia jina la mume wangu, na moyo wangu siku ile ulikuwa umetulia. Huzuni yangu haina saa. Inanikamata kisimani, inanikamata nikiona shati la mtu la mistari, lakini pale, umati mzima ukinikodolea macho kama wanaongoja ndama azaliwe, haikuja. Nilikuwa na hasira tu, na njaa kidogo.

Ndipo upepo wa ziwani ukavuma. Ulipita juu ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa, ukayapiga majani ya migomba, ukanipiga usoni. Macho yakajaa. Nilijua kinachotokea na sikuweza kukizuia. Tone likashuka shavu la kulia, jingine kushoto, halafu yakafuatana.

"Analia," alisema mtu nyuma.

Tupokigwe alikuja mbio. Akanipapasa shavu kwa kiganja kilekile, akakigeuza kwa watu, kikang'aa kwenye jua.

"Amelia," alisema. "Jamani, wifi yangu amelia."

Kisha akaachia kilio, na wanawake wote wakamwitikia. Ezekiel alivua kofia. Mzee Gwamaka aliinua mkono.

"Basi. Neno limekwisha. Nyumba ni ya Mama Nancy, na asisikike mtu."

Nancy alinibana vidole. Alikuwa anatetemeka kwa furaha, masikini. Nilikuwa nimeshinda. Kilichobaki ni kufunga mdomo wangu, niende nikale wali. Na kwa kweli nilisimama pale nikajaribu kuufunga. Nilimwangalia Tupokigwe akilia huku kiganja chake bado kiko juu, watu wakione, na nikafikiri kwamba kiganja hicho kilinihukumu kwa uongo na sasa kinanisamehe kwa uongo, na kwamba nikikubali msamaha huu nitakuwa nimekubali na hukumu.

Nilichukua pindo la kitenge nikajifuta, polepole kama nilivyoagizwa.

"Halijakwisha," nilisema.

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Haya siyo machozi ya Isaya. Ni ya upepo. Daktari ameniziba vitundu vya macho, maji hayana pa kupita, upepo ukipiga yanamwagika. Jana yamenimwagika nikifukuza kuku."

Kuna mtu alicheka kwenye mafiga, akajizuia.

"Mama," alisema Nancy kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhali."

"Isaya nilimlilia pale ndani, mbele yenu, mpaka sauti ikaniisha. Mkaacha kunisikiliza mkaanza kunipapasa. Na kabla ya hapo nilimlilia akiwa hai, nikifua shuka zake, na nyie hamkuwepo. Hayo ndiyo niliyo nayo. Mengine sina, na ya upepo siwauzii."

Ezekiel alirudisha kofia kichwani. "Shemeji, kwa hiyo unasema mwenyewe, mbele ya ukoo, kwamba hujalia."

"Leo sijalia. Na silii. Na sihami."

Mzee Gwamaka aliniangalia. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka, kama mtu aliyekuwa amekwisha kutua mzigo na sasa anatwishwa upya.

"Mwanangu," alisema, "kwa nini hukutuacha tuamini? Mimi nilikuwa nimeshalimaliza."

"Kwa sababu mimi ndiye nitakayelala humo, baba. Nyumba hiyo nilijenga na Isaya. Siwezi kuja kuipokea leo kutoka kwa upepo. Na kesho usipovuma, mtakuja kunishika shavu tena."

Mzee alifumba macho kama siku ile ya baraza, na sisi sote tukangoja. Ezekiel alifungua mdomo kutaka kusema, na mzee, macho bado yamefumbwa, akamwonyesha kwa mkono anyamaze. Upepo uliendelea kuvuma, macho yangu yakajaa tena, nikayaacha yamwagike watu wakiona, kwa kuwa sasa walijua ni kitu gani.

Mwisho alishika fimbo yake akainuka.

"Mume wake alimfia mikononi," alisema. "Mimi kaka yangu, baba yake Isaya, alipokuwa anaumwa sikumgeuza hata siku moja, na nililia sana. Twendeni tukale."

Hakusema zaidi, na hakuna aliyekuwa mkubwa kuliko yeye wa kuongeza. Ezekiel aliangaza huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, watu wakawa wameanza kuelekea kwenye kivuli cha nyumba, wengine wakizungumzia mbasa. Tupokigwe alibaki kaburini, kiganja kimelowa, hajui akifutie wapi. Akakifutia kwenye kitenge chake kipya.

Mimi nilitangulia nyumbani. Nilifungua mlango wa mbele, nikatandika mikeka, nikachukua jagi na beseni la kunawia. Mzee Gwamaka aliingia, nikamkalisha kwenye kiti cha Isaya. Wakafuata wake za ukoo, Prisca na bakuli la ndizi, Nancy akiwa bado hajajua kama anikumbatie au anigombeze. Chumba kikajaa.

Tupokigwe alifika wa mwisho. Ile ilikuwa nyumba ya kaka yake, na tangu ilipoezekwa alikuwa anaingia moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua vyungu. Siku ile alisimama kizingitini, akashika mwimo.

"Hodi, wifi," alisema.

Wote ndani walisikia. Nilikuwa namnawisha mzee. Nilimaliza mkono mmoja, nikamaliza na wa pili, nikampa taulo, nikaweka jagi chini.

"Karibu kwangu," nilimwambia.